Kitabu Kitamu na Mlango wa Nyuma

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa juu ya benchi la chumba cha pasi, kitabu mkono mmoja, kikombe cha chai mkono wa pili, wenzangu wakinipigia kelele nifungue sura mpya. Wazazi wenzangu, wengi mmeniuliza kama nilishuka salama. Nilishuka. Salama ndiyo sina hakika.

Kwa ambaye gazeti lilimpita: mimi ni mpiga pasi wa hospitali kubwa. Tunanyoosha mashuka, makoti ya madaktari na mapazia ya wodi. Ni kazi ya mvuke na mgongo, haina mazungumzo. Ndiyo maana tulijiwekea utaratibu wetu wenyewe. Mmoja anasoma kitabu kwa sauti, na rundo lake la nguo wenzake wanagawana.

Msomaji ni mimi. Niliishia shule ya msingi, lakini kusoma kwa sauti nilifundishwa nikafundishika.

Sheria yetu ilikuwa moja tu. Hakuna kusoma mbele ya wenzako.

Kitabu chenyewe ni kile kinachouzwa kila kona, *Damu Haina Risiti*, kimeandikwa na mtu anayejiita Jicho Kavu. Wenyewe tuliamini ni mpelelezi mstaafu. Redio, mwenzetu ambaye hatukumpa jina hilo bure, aliapa kwamba aliwahi kumwona, mwanamume mnene mwenye kovu shavuni.

Siku ile profesa mmoja alikuwa amekichambua hewani, na Redio alikuja kazini amevimba.

"Eti kimeandikwa vibaya! Eti watu wake ni mbao! Eti kila sura inaisha mtu ananing'inia dirishani!"

"Kwani yeye anataka amshushe nani?" akauliza Mikunjo, mama mtu mzima anayekunja mashuka bila hata kuyatazama.

"Muulize wewe. Mimi sufuria yangu imeungua kwa sababu ya kitabu hicho. Kitabu kibaya kinaweza kuunguza sufuria?"

"Hicho ndicho kibaya chenyewe," Mikunjo akasema. "Kizuri kingekuachia sufuria yako."

Tukacheka. Wakanigeukia mimi, eti msomaji atoe hukumu.

Niliwaambia ukweli. Ukisoma kimya, macho yanateleza. Ukisoma kwa sauti, ulimi unajikwaa, na kile kitabu kilikuwa na mashimo mengi. Kila mtu anatetemeka kama jani. Kila mwanamke ana shingo ya twiga. Mpelelezi anawasha sigara kila ukurasa, kwa moshi ule angezikwa sura ya tatu. Lakini nikifika mwisho wa sura, mkono wangu mwenyewe unafungua inayofuata kabla sijaamua.

"Basi ni kama pilipili," Mama Pacha akasema. "Haikushibishi, ila mkono unarudi. Mimi nikisikiliza nasahau miguu inaniuma. Profesa ana miguu?"

Mama Pacha mnamkumbuka. Ndiye niliyewasimulia habari zake mwanzoni kabisa, mwanamke aliyeletwa wodini taya limevimba, akasema ameanguka bafuni. Mumewe, dereva wa malori, alisimama lango kuu mchana kutwa akimsubiri na watoto wake pacha, msichana na mvulana. Mimi niliwalaza watoto ndani ya toroli ya nguo chafu, nikawafunika mashuka, mama yao akavaa joho la kufulia, tukatoka wote kwa mlango wa nyuma wa chumba chetu cha pasi. Walikaa nyumbani kwangu hadi alipopona. Kisha akapata kazi hapa hapa kwetu, kwa sababu alisema, "Dada, hapa alishapatafuta. Mtu harudi kutafuta alipokwisha kutafuta."

Watoto wakitoka shule hupitia mlango ule ule wa nyuma. Hubisha pamoja, mikono minne kwa mpigo, mpaka kuta zinatetemeka. Ndivyo tunavyojua ni wao.

Na siku ile Mama Pacha akaongeza neno lililonipita wakati huo.

"Hata yule mtu alivipenda sana vitabu hivi. Akiwa safarini anasubiri mizigo, kazi yake ni kusoma. Hakuna kilichompita."

"Nani?" Redio akauliza.

"Baba wa pacha wangu, nani mwingine?"

Nikafungua sura ya mwisho.

Sura ilianza na mpelelezi kuingia nyumba ya watu wasiojulikana, akakuta mtoto wa kike kalazwa kitanda cha mtu mwingine. Mwenye kitanda anamfunika. Mtoto anatazama mlango. Nikasoma kwa sauti, kama ilivyoandikwa:

"Baba ana ufunguo wa hapa?"

Pasi zilisimama. Zote. Mvuke ukapanda peke yake.

Mikunjo aliweka shuka chini. Mama Pacha akajifuta macho kwa pindo la koti la daktari.

"Huyu mwandishi ni mzazi," akasema. "Neno kama hilo halitungwi na asiye na mtoto. Rudia, dada."

Sikurudia.

Kwa sababu neno lile nililisikia mimi kwa masikio yangu. Alilisema binti wa Mama Pacha, siku ya kwanza nyumbani kwangu. Mama yake alikuwa anaoga. Chumbani tulikuwa watatu tu: mtoto mwenyewe, mimi niliyekuwa natandika, na binti yangu mkubwa, aliyekuwa amempisha kitanda chake. Tulikubaliana hapo hapo kwamba mama wa mtoto asiambiwe kamwe. Alishakuwa na maumivu ya kumtosha.

Mtoto asingelikumbuka, alikuwa mdogo mno. Mimi sijamwambia mtu. Hesabu hiyo hata mimi wa shule ya msingi naiweza.

"Dada, endelea basi!"

Msomaji yeyote atakwambia, macho hutangulia mdomo. Mdomo wangu ulikuwa bado juu ya ukurasa, macho yameshafika chini. Na chini niliona toroli. Niliona pacha wawili chini ya mashuka machafu. Niliona mlango wa nyuma wenye komeo la chuma, na bomba la moshi lililopakwa rangi mbili, nyeupe na bluu. Mji huu mzima hakuna bomba jingine la namna hiyo. Na niliona lile jambo ambalo kitabu kinaliringia kuliko yote: mwanamke hakutoroka kwenda mbali. Hakwenda popote. Anapiga pasi hapo hapo, mbele ya pua ya kila mtu.

Na mwenyewe amesimama mbele yangu, ananyoosha kola, anangoja.

Nikaanza kutunga.

Toroli nikaifanya gari la maziwa. Pacha nikawafanya mtoto mmoja. Hospitali nikaigeuza kiwanda cha sabuni. Jasho lilikuwa linanitoka, lakini sauti nikaishikilia, na sijui nilipata wapi maneno, wakanisikiliza kama kawaida. Mikunjo hata akasema, "Leo kimeandikwa vizuri kweli."

"Ngoja," Redio akasema. "Gari la maziwa? Mbona ni toroli?"

"Toroli gani?"

"Ya nguo. Na watoto ni wawili."

Mama Pacha akainua uso.

Mikunjo akaniokoa bila kujua. Alimgeukia Redio mikono kiunoni. "Wewe umejuaje?"

Redio akameza mate. "Nimesikia tu."

"Umesoma mbele!"

"Kidogo tu, shemeji yangu anacho nyumbani, kilikuwa wazi..."

"Umesoma mbele ya wenzako! Halafu unakuja hapa unashangaa pamoja na sisi, 'yarabi, yarabi,' kumbe unajua nani kafa!"

Hapo ulizuka ugomvi wa kweli, Redio akahukumiwa kunyoosha rundo langu peke yake mpaka mwisho wa mwezi. Nami nikakificha kitabu ndani ya begi langu, nikasema macho yananiuma.

Mama Pacha alinifuata mlangoni. "Dada, uko sawa? Umepauka."

"Ni mvuke, mdogo wangu."

Huo ndio uongo wangu wa kwanza kwake ana kwa ana. Wazazi wenzangu, ulinitoka kirahisi sana.

Binti yangu tunamwita Mhariri, kwa sababu ndiyo kazi yake, kusahihisha vitabu vya watu. Husahihisha hata ujumbe ninaomtumia kwenye simu. Na vitabu vyangu vya kazini amevicheka miaka yote. "Mama, hizo takataka zitakuozesha akili." Aliwahi kunitupia kimoja kwenye pipa, nikakitoa, nikakipangusa, nikaenda nacho kazini.

Jumapili nikaenda kwake bila kumwarifu. Nikakuta friji jipya, bado limevaa nailoni. Nikakuta makochi mapya. Yeye yuko jikoni anakatakata vitunguu, anaimba.

"Karibu, Mama! Mbona hukupiga simu?"

Nikasimama pale mlangoni nikasema:

"Baba ana ufunguo wa hapa?"

Kisu kikasimama. Hakugeuka. Niliuona mgongo wake ukijibu kabla ya mdomo.

"Umekisoma," akasema.

"Nimekisoma kwa sauti. Mbele ya mwenyewe."

"Mbele ya mama mdogo?" Hapo ndipo akageuka. Mama mdogo ndivyo anavyomwita Mama Pacha. Ndiye aliyekuwa akimsuka binti yangu nywele kila Jumamosi kabla hajaenda chuo.

"Hajajua. Bado. Wewe ndiye Jicho Kavu?"

"Mama, kaa kwanza."

"Nimekuuliza."

"Ndiyo." Akafuta mikono. "Lakini ni hadithi tu. Majina yote nimebadilisha."

"Umebadilisha majina, hukubadilisha mlango."

"Nani anaangalia mlango? Watu hawasomi vitabu vile kutafuta mitaa. Wanasoma wapitishe muda, wakimaliza wanakifunikia mtungi."

"Yule mwanamume anavisoma. Vyote."

Kisha akasema jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nainamisha kichwa.

"Mama, niliandika kitabu kizuri. Kizuri kweli, kila neno nimelipima. Hakuna aliyekitaka. Wakaniambia kimekaa kama maji. Ndipo nikaandika hiki, haraka haraka, takataka kama zile zako, nikaona aibu hata kuweka jina langu. Hiki ndicho wanachogombea. Na unajua kila mtu anakumbuka mstari upi? Huo huo mmoja."

"Huo si wako."

"Najua."

"Ni wa mtoto aliyekuwa anaogopa. Kitabu kizima umekijaza majani yanayotetemeka na shingo za twiga, na palipokuwa na neno moja la haki umeliiba kitandani."

"Kitanda kilikuwa changu, Mama." Sauti yake ilikatika. "Na mimi nilikuwepo. Mimi ndiye niliyemjibu yule mtoto kwamba hana, hana ufunguo, lala. Hilo mbona hulikumbuki? Ni langu pia."

Jibu la hilo ninalo sasa, lakini limechelewa. Siku ile nilimwambia lile lililokuwa karibu.

"Umeona aibu, ukajificha. Ukajificha wewe, ukamwanika mwenzako."

Akakaa chini jikoni, sakafuni, kama alivyokuwa akikaa akiwa mtoto. Akalia. Nami nikakaa. Mnaonijua mnajua nilifanya nini, nilimpangusa machozi, mimi niliyekuja kugomba. Akaniambia wenye kampuni ya vitabu wanataka ajitokeze hewani Jumatano, aseme yeye ndiye Jicho Kavu, watu wamwone.

"Usiende."

"Nimeshakubali, Mama."

"Mwanangu, jina lako la ukoo ni langu. Yule mtu aliwahi kuja mpaka uani kwangu kumtafuta mkewe, akigonga mabati, akaondoka kwa kuwa hakuwa na hakika. Akisikia jina lako atakuwa na hakika."

Akainuka, akakirudia kisu cha vitunguu, machozi bado yanamtoka.

"Sitakwenda," akasema. "Nakuapia. Na nitawaambia watoe lile bomba la moshi, wakichapa upya."

Nikamwamini. Nikala chakula chake, nikafunga mlango wa friji lile kwa mkono wangu, nikarudi nyumbani mwepesi. Hata nikaona hakuna haja ya kumtia Mama Pacha wasiwasi. Limekwisha, nikajiambia, kwa nini nimwamshe aliyelala?

Mzazi mwenzangu, nisikilize vizuri hapa. Mtoto wako akikuapia huku analia, mwangalie mikono. Wangu alikuwa analia, na mikono imeshika kisu cha vitunguu.

Jumatatu na Jumanne niliwasomea kiwanda cha sabuni. Hadithi ikawa ndefu, ikawa na mpishi, ikawa na mbwa kilema. Mikunjo alikuwa anampenda yule mbwa. Mama Pacha alikuwa anacheka mpaka anashika meza. Redio alikuwa ananyoosha rundo langu, ananitazama kwa jicho la pembeni.

Jumanne ile ile mlinzi wa lango alipita dirishani.

"Nyie akina mama, bomba letu la moshi lina nini siku hizi? Watu wanakuja wanalipiga picha. Jana wasichana wawili, leo kijana na mkewe. Wanaomba waone mlango wa nyuma, wanacheka, wanaondoka."

"Labda wanataka kulinunua," Mikunjo akasema.

Mama Pacha akacheka na wengine. Mimi nilijichoma kidole.

Jumatano ikaja. Redio alikuwa ameweka kile kiredio chake kidogo rafuni, juu ya makoti. Kabla ya saa za watoto kutoka shule, mtangazaji akapaza sauti.

"Leo ndiyo leo! Jicho Kavu anavua kofia! Na tumemleta yule yule profesa aliyesema kitabu ni kibaya. Moto utawaka!"

"Kimya wote!" Redio akapiga kelele.

Nikajiambia, hayupo. Ameniapia. Wataomba radhi, watasema mgeni hakufika, watapiga muziki.

"Kumbe ni mwanamke!" akasema mtangazaji. "Karibu, dada."

"Ahsante."

Neno moja. Mama hahitaji mawili. Mama Pacha naye hakuhitaji. Nilimwona akiinamisha sikio, kama mtu anayesikia nyayo za mgeni anayemfahamu.

"Huyu si...?" akaanza.

"Hebu tusikie," Redio akasema.

Profesa akaanza kwa upole. Alisema kitabu kinafurahisha, hakatai, hata yeye alikimaliza kitandani. Lakini kufurahisha si kuandika vizuri. Lugha imechakaa. Watu hawana roho. Na lile fumbo la mwisho, mwanamke kujificha pale pale alipotoroka, na watoto ndani ya toroli, hilo ni jambo lisilowezekana. Mwandishi mzuri, akasema, hamdanganyi msomaji wake kiasi hicho.

Nilimsikia binti yangu akivuta pumzi. Naijua pumzi yake. Tangu mtoto, ukimwambia amekosea, angevunja nyumba kukuonyesha amepatia.

Usijibu, nikaomba. Mwache ashinde. Cheka tu, mwanangu, sema umekosea.

"Profesa," akasema, "unaweza kusema lugha yangu imechakaa. Lakini usiseme haiwezekani. Hilo ndilo la kweli kuliko yote. Aliyesukuma ile toroli ni mama yangu mzazi. Yule mtoto alilala kitanda changu."

Studio nzima ikasema, "Aaah!"

"Na huyo mwanamke yuko wapi sasa?" mtangazaji akadakia.

"Yuko salama," binti yangu akasema, na nikasikia sauti ikimrudi, ikiwa ndogo. "Hilo... hilo naomba tuliache."

"Si umeshaandika alipo!" akacheka mtangazaji. "Wasikilizaji, someni sura ya mwisho!"

Kulikuwa na harufu ya kuungua. Shuka la Mama Pacha lilikuwa linatoa moshi, na mkono wake bado uko juu ya pasi, haondoi. Mikunjo alikwenda akamtoa mkono taratibu, kidole kimoja kimoja. Redio alizima kiredio. Hakuna aliyemwambia azime.

"Mtoto niliyemsuka nywele," Mama Pacha akasema.

Nikamsogelea. "Mdogo wangu..."

"Ulijua?"

Wazazi, ningeweza kusema hapana. Ulimi wangu ulikuwa umeshazoea.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu lile neno la ufunguo. Alilisema binti yako, nyumbani kwangu. Wewe ulikuwa unaoga."

Hilo ndilo lililompiga. Si redio, si bomba la moshi. Alikaa juu ya rundo la mashuka kama mtu aliyekatwa miguu.

"Mwanangu alisema hivyo? Na nililililia hapa mbele yenu kama la mtoto wa watu?"

Akanigeukia mimi.

"Na yale mengine? Kiwanda cha sabuni? Yule mbwa?"

"Sikutaka ujue kwa njia ile. Alikuwa ameniapia..."

"Siku zote hizi," akasema polepole, "ulikuwa unanisomea kitabu gani, dada?"

Hakupaza sauti. Afadhali angenipiga. Niliona anayahesabu moyoni mwake, vicheko vyote vya Jumatatu na Jumanne, anavirudisha kimoja kimoja. Nilitaka kumwambia kwamba nilitunga kwa ajili yake, kwamba ndiyo mambo mazuri kuliko yote yaliyowahi kutoka mdomoni mwangu. Lakini na binti yangu si angesema hivyo hivyo? Kila mmoja wetu alikuwa na hadithi nzuri, na kila mmoja aliisimulia juu ya kichwa cha mtu mmoja yule yule.

"Ungeniambia siku ile ile," akasema, "leo nisingekuwa hapa. Mimi na wanangu tungeshakuwa mbali."

Akasimama, akaanza kuvua joho la kazi. "Nawafuata shuleni. Hatupiti tena hapa. Redio, nipe ile kanga yako nijifunike. Mama Mikunjo, naomba..."

Hapo dirisha likagongwa. Mlinzi wa lango akachungulia, ametabasamu mpaka magego.

"Wapenzi wa kitabu chenu hawaishi! Kuna mwingine kaja. Huyu mtu mzima, kaegesha lori lake ng'ambo ile. Kitabu kakishika hivi, kimejaa mikunjo, kakisoma huyo mpaka kakichosha!"

Mama Pacha akaacha kuvua joho.

"Nikamwambia picha za bomba zinapigwa kuanzia kule mbele. Akasema yeye bomba hana haja nalo, anataka mlango tu. Mtu mstaarabu sana. Kasema asisumbue mtu, atazunguka nyuma asubiri huko huko." Akatutazama mmoja mmoja. "Nimekosea nini? Mbona mnanitazama hivyo?"

Ng'ambo ya barabara kengele ya shule ikalia.

Mama Pacha alikuwa ameshafika nusu ya chumba, joho mkono mmoja ndani, mkono mmoja nje. Mikunjo alimdaka kiuno. "Huwezi kutoka, mwanangu, huko ndiko aliko!" Naye anajivuta, anasema, "Wanakuja huko, wanakuja huko," basi, hilo tu. Redio alikimbilia mlango wa mbele awakatize watoto njiani, kiatu kimoja kikabaki pale kwenye maji. Nami nilikimbilia komeo. Sikujua nalifunga au nalifungua. Nililishika tu, na chuma kilikuwa cha moto kwa mvuke.

Tukatulia, tukisikiliza. Tuliomba tusikie mikono minne.

Mlango ukabishwa.

Ulikuwa mkono mmoja, taratibu, kama wa mtu mwenye ufunguo wake mfukoni, anayebisha kwa heshima tu.